Ejo ya Bamba la Kumi na Saba

Mukunde hapendi kuchekwa. Tuanzie hapo, maana yote yaliyotokea Ijumaa ile kwenye matangi yalianzia hapo, na mwenyewe siku hizi hakatai.

Si kwamba ni mtu wa kununa. Kwao Morogoro, alikozaliwa na kukulia, alikuwa mcheshi wa kutosha, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wauza nyanya walimpunguzia bei ili aondoke. Baba yake ni Mnyarwanda, mama yake Mluguru, na nyumbani Kinyarwanda kilisikika tu baba alipozungumza na ndugu zake kwenye simu. Miaka minne iliyopita alipata kazi Kigali, na watu wote wakasema "amerudi", kana kwamba aliwahi kuondoka. Akapewa koti la rangi ya machungwa, kofia ngumu nyeupe, na cheo cha afisa usalama katika kampuni inayokarabati matangi ya mafuta. Kinyarwanda akaambiwa atakiokota humohumo kazini.

Alikiokota vipandevipande. Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, kwenye kikao cha asubuhi, alitaka kuonyesha kwamba na yeye ni wa hapa. Akasimama mbele ya mafundi ishirini akawaambia kwa Kinyarwanda kwamba kila siku atawatembelea ndani ya tangi. Sasa, neno lenyewe ni gusura. Ukilivuta kidogo katikati ni kutembelea, ukilikata fupi ni kujamba. Mukunde alilikata. Mafundi ishirini wakawa wameahidiwa kujambiwa kila siku ndani ya tangi, na Gratien, mpima gesi, akainua kipimo chake juu akauliza kama akiwashe kabisa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jolly, yule dada anayekaa mlangoni mwa tangi kuandika nani kaingia na nani katoka, alifuta machozi kwa kiganja. Mukunde naye alicheka, kwa sababu ungefanya nini, lakini jioni ile chumbani kwake Kimironko alilala bila kula. Tangu hapo, jambo akilisikia nusu haulizi mara ya pili. Anaitikia kwa kichwa, halafu anajitafsiria mwenyewe kimoyomoyo.

Tangi lenyewe ni namba tatu, la petroli, katika bohari moja upande wa Kanombe, ambako ndege hupita chini sana mpaka unayasoma maandishi ya tumboni. Lilikuwa tupu kwa miezi miwili, limeshaoshwa, kwa sababu sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu. Mabamba ya chuma yaliyowekwa yakiwa na unene wa milimita nane, mengine yalibaki na mbili, na mengine ukiyakanyaga yanabonyea kama biskuti iliyoingia maji. Kazi ilikuwa kuyakata mabovu moja baada ya jingine kwa moto wa gesi, kuyatoa, na kulaza mapya mahali pake.

Aliye nje ataona ni kazi ya kukata vyuma tu. Hatari yake haiko ndani ya tangi, iko chini yake. Sakafu iliyotoboka huvuja polepole kwa miaka, na petroli hiyo hujificha kwenye mchanga chini ya bamba. Ndani ya tangi unaweza kupuliza hewa safi mpaka ukaona baridi, huku chini ya nyayo zako kuna mvuke wa kutosha kukurusha wewe pamoja na paa. Ndiyo maana bamba haliguswi na moto kabla Gratien hajaingiza mrija wa kipimo kwenye matundu ya kutu na kujua kuna nini chini. Likiwa salama, analichorea duara la chaki. Lisipokuwa salama, mchanga wake unafyonzwa na kuoshwa kwanza, kazi ya siku mbili tatu. Baada ya hapo Mukunde anaandika kibali cha moto, anatia saini, na karatasi hiyo inatundikwa mlangoni mwa tangi kila mtu aione.

Anayeshika moto ni Saidi Ngabo, mtu wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, wa miaka hamsini na kitu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja na vitambaa kutoka pwani, akaoa hapa, akasahau kurudi. Kwao Kiswahili hakikufundishwa na mtu. Tangu siku ya kwanza alizungumza na Mukunde kwa Kiswahili tu, hakuwahi kumtegea neno la Kinyarwanda, na siku ile ya gusura ni yeye peke yake aliyejifanya anafunga kamba za viatu. Mukunde alimpenda kama kaka wa damu. Hilo nalo alikiri baadaye.

Ijumaa hiyo asubuhi kapita Arnaud, msimamizi wa mafundi, alikuwa na furaha ile mbaya, ya mtu anayeona kazi imeikimbia ratiba.

"Leo tunakata bamba la kumi na tano na la kumi na sita," alimwambia Mukunde, "na la kumi na saba tuliingize humohumo. Andika yote matatu."

Yale mawili yalishapimwa na kuchorwa duara tangu juzi, lakini la kumi na saba lilikuwa la kesho yake. Liko kando ya kisima cha tangi, pale sakafu inapoinama ili maji na uchafu vikusanyike, na hapakuwa na bamba lililoliwa kama hilo. Mukunde alimtafuta Gratien kwa macho. Alikuwa ameshapima hewa ya ndani, anakwenda zake kwenye shimo la vali la tangi namba mbili, kipimo kinaning'inia shingoni. Mafeni ya hewa yalikuwa yananguruma, usiposema kwa kupaza sauti husikiki.

Angeuliza kwa Kiswahili. Gratien anakijua, tena sana. Lakini Jolly alikuwa pale, na mafundi wawili watatu, na Mukunde akataka waone kwamba hakuvunjika moyo. Akaita kwa Kinyarwanda, bila kitenzi, kwa sababu vitenzi vya lugha ile vilikuwa bado vinamtisha:

"Gratien! Cumi na karindwi, ryari?" Yaani kumi na saba, lini?

Gratien akageuka nusu, akainua mkono. "Ejo!" akasema, akaendelea na safari yake.

Asiyejua aambiwe: Kinyarwanda kina neno moja kwa jana na kesho. Ejo ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote. Mwenye lugha hapotei, kitenzi kinamwonyesha njia, na pasipo kitenzi anauliza tu, hashize au hazaza, iliyopita au ijayo. Mukunde alilijua hilo tangu mwezi wake wa kwanza mjini. Mdomo wake ulishafunguka aulize. Hapo akamwona Jolly anamtazama, anatabasamu. Jolly huamka na tabasamu hilo na kulala nalo, halimhusu mtu, lakini Mukunde alilichukua kuwa lake. Akafunga mdomo.

Ni jana, alijiambia. Itakuwaje kesho, na kapita anataka kukata leo? Akaandika tarehe ya jana mbele ya bamba la kumi na saba. Pale panapotakiwa namba ya kipimo akaacha wazi, angeichukua jioni kwenye daftari la Gratien. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kukiwa na haraka, na kila mmoja wao alijua haifai.

Saidi alikuja kukichukua kibali, miwani ya moto imepandishwa kwenye paji la uso.

"La kumi na saba limepimwa, dada?"

"Limepimwa jana, kaka."

"Haya." Hakusoma hata mstari mmoja. Alikitundika mlangoni, akahamishia kibati chenye jina lake upande wa ubao wa walio ndani, akajikunja kuingia kwenye lile tundu. Mpango wake ulikuwa mabamba mawili asubuhi, kisha aende kuswali Ijumaa, arudi saa nane kulimaliza la tatu.

Mukunde yeye alikuwa na safari ya Kacyiru, kupeleka jalada la karatasi za bohari kwenye ofisi fulani ya serikali. Alifika akakaa kwenye foleni, zamu yake ikaja ikiwa saa saba na robo imeshapita. Karani alikuwa mama mmoja mtaratibu, mwenye miwani ya kamba, wa kusoma kila karatasi mpaka chini. Alifika kwenye cheti cha kipimo cha gesi, kile cha kuthibitisha kwamba kimekaguliwa na kinasoma sawasawa.

"Hiki ni cha jana," alisema.

"Ndiyo, mama. Kimekaguliwa jana."

"Kilipokelewa maabara saa mbili asubuhi, kikachukuliwa saa kumi na moja jioni." Alimwangalia juu ya miwani. "Mnacho kingine?"

"Hatuna. Ni hicho kimoja."

"Kwa hiyo jana hamkupima kitu."

Alilisema hivihivi tu, bila ubaya, huku anatafuta muhuri. Mukunde akajibu haraka, kama mtu anayejitetea: "Jana hatukukata, mama. Jana tulikuwa tunatoa mabamba ya zamani nje."

Kisha akajisikia alichokisema. Jana hawakupima. Jana kipimo kilikuwa mezani maabara, na Gratien alikaa pale siku nzima akikingoja. Alipima nini basi jana? Alipima kwa pua?

Uso ulimbadilika, karani mwenyewe akaona, akauliza kama anataka maji. Mukunde alitazama saa. Ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini na tano.

Alitoka akiwa ameacha jalada mezani. Ngazini alishampigia Arnaud. Simu iliita, ikaita, ikakata. Akampigia Jolly, akampigia Gratien. Kisha akasimama katikati ya ngazi, akakumbuka. Simu zote zilikuwa getini, kwenye sanduku la mbao. Hakuna anayeingia na simu karibu na matangi, na mlinzi haruhusiwi kugusa simu ya mtu hata iite mpaka iungue. Sheria hiyo iliandikwa mwezi wa nane, ikabandikwa ukutani, na chini yake kuna saini ya Mukunde. Aliliona lile sanduku machoni, simu zinatetemeka mle ndani kama nyuki, mlinzi amekunja mikono anatii.

Akapiga ofisi ya bohari. Ofisi hufungwa saa sita na nusu mpaka saa nane. Akapiga hivyohivyo, mara nne.

Barabarani alikamata moto ya kwanza, ndivyo wanavyoziita pikipiki za abiria. "Kanombe! Haraka, tafadhali, haraka!" Motari, mwenye pikipiki, alimpa kofia, akasubiri mpaka aifunge kamba ya kidevuni. Mukunde, ambaye kila siku huwahubiria watu kuhusu kamba hiyo, aliikosea mara mbili.

"Ongeza mwendo, kaka."

"Madamu, pale mbere iko kamera. Nyingine iko pale kwenye kona. Mimi siwezi."

"Kuna mtu atakufa!"

Motari alimtazama kwenye kioo, akaongeza kidogo, kidogo cha kiungwana, Kigali hii. Walishuka, wakapanda Kimihurura, na walipofika Gishushu polisi alikuwa katikati ya njia na mkono juu. Kulikuwa na wageni wanapitishwa kwenda uwanja wa ndege. Magari yote yakasimama, pikipiki zikazima injini, barabara ikawa kimya ungesikia mtu anakohoa.

Mukunde alikaa nyuma ya motari, mikono ameshikanisha mapajani, akitazama saa. Saa nane kasoro dakika kumi na nane. Alimjua Saidi kwa mazoea yake. Sasa hivi anatoka msikitini. Sasa hivi anaivua kofia yake nyeupe, anaikunja mara nne, anaitia mfuko wa shati. Anapita getini, anatumbukiza simu yake sandukuni kwa sababu dada kasema. Pengine atachelewa. Pengine kakutana na mtu wa salamu ndefu. Mukunde hakuwa mtu wa ibada nyingi, lakini pale aliomba kwa Mungu wa kila upande kwamba khatibu wa Ijumaa hiyo awe mpenda maneno.

Ndege ikapita juu, ikashuka kwa kishindo chake cha siku zote, na yeye akaruka kwenye kiti mpaka motari akashika breki ya kitu kilichokuwa kimesimama.

"Pore, madamu. Ni ndege."

"Najua ni ndege," alisema.

Msafara ulipita saa nane kasoro dakika tisa. Remera, Giporoso, kila taa ilikuwa nyekundu. Sasa alikuwa hatazami tena saa, alikuwa anatazama mbingu upande wa Kanombe, juu ya mapaa, kama kutakuwa na moshi. Mbingu ilikuwa safi, na usafi wake haukumtuliza hata chembe, kwa sababu mbingu huwa safi mpaka dakika ile ile.

Na alijua kitu kimoja kibaya kuliko vyote. Saidi hatauliza. Mtu mwingine angesoma kibali, angeona pale pa namba pako wazi, angegoma. Saidi alishamwuliza, na yeye alishamjibu.

Getini mlinzi alinyoosha mkono. "Simu, madamu."

Aliirusha ndani ya sanduku kwa mbali, ikagonga mbao, akakimbia. Kutoka getini mpaka tangi namba tatu ni mita mia mbili na zaidi za kokoto. Aliona kwa mbali paipu mbili za mpira, nyekundu na buluu, zimetoka kwenye mitungi iliyosimama nje na kuingia ndani ya tundu la tangi, zimejaa, zinacheza kidogo chini. Zikicheza hivyo maana yake huko mwisho kuna mkono unazivuta. Jolly alikuwa kwenye kiti chake na daftari, na ubaoni, upande wa walio ndani, kilining'inia kibati kimoja, cha Saidi.

Kupiga kelele kusingesaidia, mafeni yalikuwa yananguruma. Mukunde hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye mitungi, akafunga koki ya gesi, akafunga ya oksijeni, akazungusha mpaka kiganja kikachubuka, akaendelea kuzungusha ilhali imeshafika mwisho. Kisha akachomoa waya wa mafeni, akaingiza kichwa kwenye tundu.

"Sohoka! Saidi, sohoka! Toka! Toka, kaka!"

Tangi likamrudishia sauti yake yote, Kinyarwanda na Kiswahili zimechanganyika. Halafu kimya. Jolly alikuwa amesimama, daftari limeanguka, na lile tabasamu halikuwepo.

Zikasikika hatua juu ya chuma, taratibu. Kichwa cha Saidi kikatokea tunduni, kimejaa jasho, kimekasirika.

"Nani kanizimia moto?"

"Ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye bamba gani?"

"La kumi na saba. Ndiyo kwanza nimewasha, nimepiga goti. Moto ukafia mkononi." Alimtazama vizuri. "Dada, una nini?"

Mukunde alikaa chini kwenye kokoto.

Gratien aliitwa kutoka kwenye shimo lake la vali, akaja na kapita Arnaud nyuma yake. Mukunde aliomba tu la kumi na saba lipimwe. Gratien aliingia peke yake, na hewa ya kupumulia mgongoni. Wote waliobaki walirudishwa nyuma ya ukuta wa zege, lakini kelele ya kipimo waliisikia hata hapo, ile sauti nyembamba inayotoboa masikio. Ilianza, ikapanda, haikukatika. Aliporudi shati lilikuwa limelowa jasho, anashika mrija wa kipimo kwa vidole viwili.

"Imefika mwisho," alisema. "Namba imegota. Nimeingiza mrija kidogo tu, ukatoka umelowa petrori."

Petroli ile haikuwa mvuke. Ilikuwa imesimama pale chini, dimbwi, na Saidi alikuwa amepiga goti juu yake na moto mkononi.

Bohari lote likasimamishwa. Mafundi walikusanyika kwenye banda la kuhifadhia mabomba, na Arnaud, ambaye woga wake hutoka kama hasira, alimgeukia Gratien. "Ulisema umepima! Mukunde amekuuliza asubuhi mbele ya watu, ukasema umepima!"

"Mimi nilisema ejo!"

"Ejo, ndiyo! Jana!"

"Jana mimi nilikuwa maabara! Kapita, wewe ndiye ulinituma! Ratiba iko wazi, ya kumi na saba iko ya kesho. Ameniuliza lini, nikamwambia ejo. Sasa ningesemaje?"

"Ungesema vizuri! Unajua huyu si wa hapa, unamtupia neno kwa mbali, unaondoka?" Arnaud alikuwa anatweta. "Unarudisha kipimo leo. Leo hii, Gratien, na kazi imeisha."

Mafundi walianza kugawanyika, huyu anamtetea Gratien, yule anasema kweli mzee kazoea kujibu akiwa kageuza mgongo. Gratien ana watoto wanne na miaka kumi na mbili ya kupima gesi bila mtu kuungua. Alisimama pale anakunja na kukunjua mrija wake. Na Mukunde aliona mlango umefunguliwa mbele yake, mpana, wa kupita bila kuinama. Si wa hapa. Alisikia alichoambiwa. Angenyamaza tu, dakika mbili, na ingeisha hivyo, karatasi ikaandikwa hivyo.

Aliogopa, na tuseme ukweli, aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye pikipiki. Kwenye pikipiki alikuwa peke yake na hofu yake. Hapa walikuwa watu ishirini.

"Gratien alisema ejo," alisema. "Jana nimesema mimi."

Arnaud akageuka. "Unasemaje?"

"Yeye alisema ejo, sikujua ni ipi. Nilijua kwamba sijui. Nilitaka kumwita nimuulize, nikaona mtanicheka tena, nikaamua mwenyewe kwamba ni jana. Nikaandika. Nikamwambia na kaka Saidi, jana." Alikuwa anazungumza Kiswahili, mbiombio, macho yanamwaga maji na hakuyafuta. "Namba sikuandika kwa sababu haikuwepo. Kipimo kisirudishwe. Kama ni kurudisha, irudishwe kofia yangu."

Hakuna aliyecheka. Jolly alikuwa ameinamisha kichwa, anaikwangua kutu kwenye kidole cha glavu.

Saidi alikuwa amekaa kwenye bomba, miwani ya moto mkononi. Ni yeye aliyezungumza, polepole, kama mtu anayepanga vitu mezani.

"Mimi nilitafuta alama," alisema. "Gratien huchora duara. Nimemulika bamba lote, sikuliona duara. Nikasema, asubuhi walimwaga maji kutuliza vumbi, chaki imefutika. Nikasema, dada kaniambia jana." Akatikisa kichwa. "Ningekuwa sikukuuliza ningetoka nje kuuliza alama iko wapi. Nilikuuliza, basi nikawasha."

"Nisamehe, kaka."

Saidi alisimama, akaenda ubaoni, akachukua kibati chake chenye jina, akakitia kwenye mfuko wa shati, kule kwenye ile kofia nyeupe iliyokunjwa mara nne. Kibati hicho huwa hakiondoki ubaoni. Kinashinda hapo na kulala hapo mpaka kazi iishe, au mpaka mwenyewe aache. Mafundi waliona, kila mmoja. Akaanza kwenda getini kwa mwendo wake wa siku zote.

Mukunde alimfuata. Alimkuta anainama kwenye sanduku la mbao, anatafuta simu yake kati ya simu za wenzake. Nyuma mafundi nao walikuwa wamesogea, wanajifanya wanasubiri simu zao.

"Kaka Saidi. Utakuja kazini?"

Saidi aliipata simu yake, akaifuta kwenye suruali. Kisha akasema, kwa Kinyarwanda, yeye ambaye miaka minne hajawahi kumsemesha Kinyarwanda hata kwa salamu:

"Ejo."

Akageuka kwenda.

Neno lilibaki pale getini: kesho anakuja, au kazi yake hapa iliishia jana. Nyuma yake watu walikuwa wametega masikio, hata mlinzi. Angeweza kuitikia kwa kichwa. Alijua vizuri sana namna ya kuitikia kwa kichwa.

"Hashize," aliita, "cyangwa hazaza?"

Aliyatoa kwa lafudhi ya Morogoro, yamekatwa pasipotakiwa kukatwa, yamevutwa pasipotakiwa kuvutwa, na kwa sauti ambayo hata wa upande wa pili wa barabara aliisikia. Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. Mukunde hakugeuka kumtazama ni nani.

Saidi alikuwa amesimama, mgongo umemwelekea. Mukunde aliuliza tena, taratibu zaidi, akangoja jibu.